Kwenu mliobishana juzi: si jeni moja, na si kuchagua

Wanangu,

Nimefundisha baiolojia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na juzi nilinyamaza katika ubishi wenu mpaka koo likaniwasha. Mmoja alipiga meza: "Hakuna jeni ya ushoga, basi mtu huamua mwenyewe!" Mwenzake akamrudishia: "Kazaliwa hivyo, kwisha!" Wote mmeushika utafiti uleule wa 2019, na hakuna aliyeusoma kupita kichwa cha habari.

Utafiti ule ulichunguza vinasaba vya watu zaidi ya 470,000. Jeni moja inayoamua ushoga haikuonekana. Zilionekana athari nyingi ndogo ndogo. Tofauti zote za vinasaba zilizopimwa, zikijumlishwa, zilieleza kati ya asilimia 8 na 25 ya tofauti baina ya watu katika jambo hili. Nao waliulizwa kama wamewahi kulala na mtu wa jinsia yao, jambo ambalo si sawa na moyo unamtaka nani.

Sasa hapa ndipo mliponiudhi. "Si jeni" na "kachagua" ni mambo mawili! Wewe uliyepiga meza, lugha yako ya kwanza hukuzaliwa nayo. Ungelelewa kwingine, ungeota ndoto kwa lugha nyingine. Haya, uliichagua siku gani? Nikikuamuru leo uisahau, utaanzia wapi?

Nawe wa "kazaliwa hivyo", usicheke. Kuzaliwa na jambo si lazima kulirithi. Mwanamume mwenye kaka wakubwa wa mama mmoja ana uwezekano mkubwa kidogo wa kuvutiwa na wanaume. Kila kaka huuongeza kwa takriban theluthi, na theluthi ya kidogo ni kidogo. Mwaka 2006 mtafiti Anthony Bogaert alionyesha kuwa kaka wa kambo waliolelewa nyumba moja hawana athari hiyo. Kwa hiyo macho yakageukia tumbo la mama, si malezi. Mapacha wa yai moja nao hufanana katika hili kuliko mapacha wengine, lakini si daima.

Someni pia habari za Robert Spitzer, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliyedai kuwa tiba hubadili mvuto huu, kisha mwaka 2012 akaomba radhi.

Lakini wenye elimu tumekosa zaidi yenu. Karne iliyopita wataalamu waliwalaumu akina mama kwa kupenda mno na akina baba kwa kuwa mbali. Sumu hiyo haijatoka. Mama mmoja aliniletea daftari alimoorodhesha makosa yake yote tangu ujauzito, hata homa aliyougua mwezi wa tatu, akitafuta lililomfanya mwanawe awe alivyo. Kurasa kumi na moja, wanangu. Nilimwambia azichane, akalikunja daftari akaondoka nalo.

Juzi alikuwa ameketi nyuma yenu.

Utafiti wenyewe ninao, umechapwa. Anayeutaka aje auchukue, aurudishe bila mikunjo.

Mwalimu wenu wa zamani