Taa ile ya New York si pambo la Krismasi

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe maelezo ya picha mliyoichapisha hivi karibuni kwenye kurasa za habari za kimataifa. Ilionyesha kinara kirefu cha rangi ya dhahabu jijini New York, kwenye kona ya Fifth Avenue na Mtaa wa 59, kwenye uwanja ulio pale inapoanzia bustani ya Central Park. Chini yake mliandika kwamba ni pambo la Krismasi. Sivyo. Ni taa ya Hanuka, sikukuu ya Wayahudi ya siku nane, na desturi ya kuwasha taa pale uwanjani ilianza mwaka 1977.

Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Tanga, na kazi yangu huku New York ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Bibi mmoja ninayemtunza ni Myahudi. Jioni za Hanuka, kama baridi si kali mno, namvika makoti mawili na kumsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi uwanjani. Kwa hiyo taa hii nimeiona kwa karibu, na mengi nimeyapata kwake.

Aliyeisanifu ni Yaacov Agam, msanii aliyezaliwa mwaka 1928 Rishon LeZion, mji ulio Israeli ya leo, mtoto wa rabi, anayesifika kwa kazi zinazobadilika sura kadiri unavyosogea. Ukiitazama picha yenu vizuri utaona matawi yake hayakupinda. Yamenyooka, yanapanda mshazari kutoka kwenye shina. Vinara vingi vya Kiyahudi tunavyoviona vitabuni vina matawi ya mviringo, ndiyo maana baadhi ya watu huidhani hii ni mtindo wa kisasa tu. Kumbe Agam alifuata mchoro wa Musa bin Maimuni, mwanachuoni wa karne ya 12 aliyekuwa tabibu Misri zama za Salahuddin, na ambaye vitabu vyake vingi aliviandika kwa Kiarabu. Alipochora kinara cha Hekalu la Yerusalemu, matawi aliyanyoosha. Kile cha Hekalu kilikuwa na taa saba. Hiki kina tisa: nane za siku za sikukuu, na moja ya kuwashia wenzake. Niliposimuliwa habari hiyo nilifurahi sana, kwa sababu jina la Ibn Maimun nilishalisikia nyumbani kwa marehemu babu yangu, aliyependa kusoma habari za matabibu wa zamani.

Urefu nao haukukisiwa. Ni futi 32, karibu mita kumi, na uzito wake unakaribia kilo 1,800. Sheria ya Kiyahudi inasema taa ya Hanuka isizidi dhiraa 20 kutoka ardhini, maana ikipita hapo macho ya mpita njia hayaifikii. Na futi 32 ni kama dhiraa 20 hizo. Msanii alikwenda mpaka mwisho wa ruhusa aliyopewa, akasimama hapo. Kazi ya namna hii inastahili kuandikiwa maelezo ya kweli.

Wakati wa kuwasha, rabi na mgeni wake hupandishwa juu kwa gari lenye kikapu, la aina wanayotumia mafundi wa umeme. Zile si balbu, Mhariri. Ni mafuta na utambi, ndani ya vioo vya chimni, kwa kuwa upepo wa Desemba unaotoka bustanini hauna huruma. Usiku wa kwanza huwashwa moja, wa pili mbili, hadi nane, na ile ya kuwashia huwaka kila usiku. Ijumaa huwasha mapema kabla jua halijazama, na Jumamosi husubiri Sabato iishe. Chini watu hula maandazi yenye jemu, kwa sababu sikukuu yenyewe ni ya kukumbuka mafuta: Wayahudi waliporudisha Hekalu lao mikononi mwao, mwaka 164 kabla ya Kristo, walikuta mafuta ya siku moja tu, nayo yakawaka siku nane.

Bibi aliniambia jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Mwanga wa taa hizi haukusudiwi kumulikia kazi. Huruhusiwi kusomea wala kushonea kwa mwanga wake. Ni wa kutazamwa tu. Na nyumbani huwekwa dirishani au mlangoni, upande wa njia, ili jirani aone. Hiyo ndiyo sababu ya taa kama hii kusimama katikati ya jiji.

Najua wapo watakaouliza kwa nini Mtanzania Mwislamu anahangaika na hili wakati huu. Damu iliyomwagika Gaza inaniuma, na nimeilia. Lakini sikukuu hii ina umri wa zaidi ya miaka 2,000, na bibi huyu na majirani zake wana haki ya kutajiwa ibada yao kwa usahihi, kama ninavyotaka Idi yangu itajwe na watu wa huku. Marekani kwenyewe ubishi upo kuhusu kuweka vinara hivi mahali pa umma. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Pittsburgh na kuruhusu kinara cha namna hii kibaki nje ya jengo la serikali, kando ya mti wa Krismasi. Hata majaji wale walijua kipi ni kipi.

Labda tarehe ndizo zilizowapotosha, kwani Hanuka hufuata kalenda ya Kiyahudi na huhama: mwaka 2013 ilianza Novemba 27, na mwaka 2024 iliangukia jioni ya Krismasi yenyewe. Basi naomba mchapishe masahihisho. Na Desemba ijayo msiishie kwenye picha za mashirika ya nje. Nairobi kuna sinagogi tangu enzi za ukoloni, na karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jamii ya Kiyahudi iliyoanzia kwa Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda, mwaka 1919. Mwandishi wenu aende huko, akae nao jioni moja ya Hanuka, awaulize wenyewe.

Msomaji wenu wa Tanga,
Bronx, New York