Kiongozi aulizwe mbele ya watu

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linalonisumbua tangu nilipokwenda kwa mwenyekiti wa kijiji chetu hapa Uganda kutafuta barua ya utambulisho, ili binti yangu afunguliwe akaunti ya benki. Mwenyekiti alitoa muhuri aliokuwa ameuviringisha kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, mfukoni mwa shati, akaubonyeza kwenye wino, kisha akauacha ukining'inia juu ya karatasi. "Na ya wino?" aliuliza. Nilitoa shilingi 10,000. Hakuandika risiti, nami sikuiomba.

Katika Hadithi iliyopokewa na wanazuoni Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, naye aliporudi akasema: hiki ni chenu, na hiki nimepewa zawadi. Mtume alipanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake, aone kama ataletewa zawadi hiyo. Mimi ni Mkristo, lakini sijakutana na kipimo cha rushwa kilicho wazi kuliko hicho. Mwenyekiti wetu angekuwa hana muhuri, noti yangu isingefika mkononi mwake.

Nasi Wakristo tuna nabii Samweli katika Biblia. Akiwa mzee mwenye mvi, baada ya Waisraeli kupata mfalme, alisimama mbele yao wote akataka wamshuhudie: ametwaa ng'ombe wa nani, punda wa nani, amemdhulumu nani, amepokea rushwa mkononi mwa nani, ili amrudishie.

Wote wawili walisema hadharani, na hapo ndipo sisi tulipopungukiwa. Viongozi wetu huapa wakiwa wameshika Biblia au Kurani, na wale wa ngazi za juu hutakiwa kumtangazia Inspekta Mkuu wa Serikali, anayepambana na rushwa, mali zao kila baada ya miaka 2. Sheria hiyo ni njema. Lakini tangazo hukaa ofisini, ilhali anayejua ng'ombe yule alitoka zizi la nani ni jirani.

Wapo watakaosema kwamba posho ya mwenyekiti wa kijiji kwa miaka mingi imekuwa shilingi 120,000 kwa mwaka. Ni kweli, ni kidogo mno, na iongezwe. Hata hivyo, mama anayeuza matoke kando ya barabara si mdaiwa wa deni hilo.

Mwaka 2018, baada ya miaka 17 bila uchaguzi wa vijiji, tulipanga foleni nyuma ya wagombea wetu mchana kweupe. Kama tuliweza kuwachagua mbele ya macho ya wote, basi kabla kipindi hakijaisha uitishwe mkutano wa kijiji, muhuri uwekwe mezani, na mwenyekiti aulize kwa kinywa chake maswali ya Samweli. Mashehe na wachungaji, ambao kwa kawaida huitwa kufungua mikutano kwa dua, waketi hadi mwisho wasikie majibu, ili mnyonge asiogope kunena.

Siku hiyo nitakuwapo, nami nitaanza na zile shilingi 10,000.

Msomaji wako,
Jinja