Diaspora sio ya Ulaya na Marekani tu

Mhariri naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Kila mkiandika habari za diaspora ni Washington, London, Dubai, mara wametuma pesa, mara wanadai uraia pacha, sawa wadai siwapingi, ila sisi wa Tabora tulianza kutawanyika kabla ndege hazijaanza kuruka na hakuna anayetuhesabu.

Chukua Msiri. Alitoka huku Unyamwezi, upande wa Wasumbwa, karne ya 19 akafuata shaba na pembe mpaka Katanga, kusini mwa Kongo, akabaki huko huko na watu wake akawa mfalme, makao yake Bunkeya, hadi watu wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, walipomuua kwa risasi 1891. Uzao wao ndio Wayeke, wapo Kongo mpaka leo na mwami wao wanaye, hata Godefroid Munongo aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga enzi za Tshombe, ilipojitenga na Kongo, ni wa ukoo huo huo. Nani anawaita diaspora yetu? Labda kwa vile hawatumi dola.

Sasa njoo Ulyankulu, mkoa huu huu. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa pori wakafyeka wakalima mahindi na tumbaku, tumbaku ambayo mkoa mzima tunajisifia. 2014 serikali ikaanza kuwagawia vyeti vya uraia, ukijumlisha na wa makazi mengine ya Katumba na Mishamo ni watu zaidi ya 160,000, hapo kwa kweli naipa tano. Lakini kijana kazaliwa hapa, baba yake kazaliwa hapa, ukitokea ugomvi wa shamba tu anaambiwa rudi kwenu, kwao wapi sasa? Na anayesema hivyo unakuta ana mtoto Marekani, akisikia wageni wanafukuzwa kule analia ubaguzi. Mtoto wake akiongea Kiswahili huko ughaibuni tunasema hongera hajasahau asili, ila mama wa Ulyankulu akiongea Kirundi na wanawe sokoni watu wanageuza shingo. Jamani!

Basi siku mkipanga tena kurasa za diaspora, mtumeni mwandishi mmoja apande basi la Ulyankulu, masika atapata tabu kidogo ila atafika, akakae na wale wazee walioingia 1972 maana wanazidi kupungua.

Msomaji wenu,
Ng'ambo, Tabora