Nafasi ya Nane Pale Jamhuri

Kawangware, Nairobi
Jumatatu usiku

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Naandika kwa mkono ambao tangu jana haukubali kufunga ngumi, kwa hivyo ukiona mwandiko umelegea usidhani ni uzee. Uliniuliza kwenye simu mbio zetu za motokrosi, yaani pikipiki kwenye udongo na matuta, zilikwendaje pale uwanja wa Jamhuri, na kama ukipanda na ile pikipiki yako ya tustroki, ya injini inayochanganyiwa oili kwenye petroli, raundi ijayo utaaibika. Nitakueleza yote, ila usinikatize kama kawaida yako.

Nimemaliza wa nane kwa jumla. Cheka ukimaliza nisikilize. Kijana aliyeshinda darasa letu aliondoka kwenye kona ya kwanza, na tulikuja kumwona tena akipokea kikombe. Mbio nzima hakuwa na mtu wa kumsumbua wala wa kumsumbukia. Sisi wa katikati kwenda nyuma ndio tulioshindana, na ukitaka kuona watu wakikaliana mbavuni usiangalie mbele, tazama wa saba mpaka wa kumi na moja.

Jumamosi ni ya ukaguzi na mazoezi. Wakaguzi hawana utani. Wanavuta mkono wa mafuta kisha wanaachia waone kama unarudi wenyewe, wanagongagonga spoki, wanapapasa helmeti kutafuta ufa, wanaangalia kama mikono ya breki na klachi ina kile kifundo cha mviringo kwenye ncha, maana isipokuwa nacho, ukianguka vibaya inaingia mwilini. Mkono wangu wa klachi niliutoa Kirinyaga Road. Ulikuwa wa pikipiki nyingine kabisa, fundi akaupiga tupa mpaka ukakaa. Mkaguzi akaubonyeza, akanitazama, akaubonyeza tena, akanipitisha.

Sasa sikiliza hili la pikipiki yako, kwa sababu hapa ndipo watu wa Pwani hulia. Ninyi mko usawa wa bahari, sisi tuko mita 1,700 hivi juu yake. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake. Hiyo haina dawa, na inatuuma sote sawasawa. Chenye dawa ni kabureta. Jeti, kile kitundu kinachopimia petroli, iliyopimwa Mombasa, ikifika hapa itamwaga petroli kuliko hewa iliyopo. Plagi itatoka nyeusi imelowa, ukivuta mafuta injini itakohoa, nawe utaanza kulaumu fundi wa watu. Kwa hivyo njoo na jeti ndogo kuliko hiyo, za saizi mbili tatu, tutajaribu Jumamosi mpaka plagi itoke na rangi ya kahawia. Na ukirudi nyumbani usije ukasahau kuitia ile kubwa. Tustroki hulainishwa na oili iliyomo ndani ya petroli, kwa hivyo ukiinyima petroli umeinyima na oili. Pistoni inapata moto, inakwama, na hapo utatafuta pistoni mpya bei yake ukaisikie mwenyewe.

Kitu kingine ni filta ya hewa. Vumbi la Jamhuri ni laini, linapita mahali maji yasipopita, na likiingia ndani linakula ringi polepole. Jumamosi jioni fundi wangu aliitoa ile filta ya sponji, akaiogesha kama mtoto mchanga: mafuta ya taa kwanza, halafu maji ya vuguvugu na sabuni, akiikamua kwa viganja bila kuisokota, kwa sababu ukiisokota gundi ya pembeni inaachia. Ilipokauka akaitia oili yake, akaiminyaminya mpaka rangi ikaenea kote pasibaki doa, akapaka grisi kwenye ukingo unaokaa kwenye boksi. Kazi ya saa nzima, kwa kitu ambacho hakuna mtazamaji atakayekiona. Nimeona pikipiki za bei mbaya zikifa Jumapili adhuhuri kwa sababu mwenyewe alikuwa na haraka ya kwenda nyama choma.

Jumapili watu walijaa. Wanaanza watoto wa 50cc, wadogo hivi kwamba baba anasimama nyuma ya geti la kuanzia akiwa ameishika pikipiki wima. Najua maneno yako, kwamba huu ni mchezo wa matajiri wa Karen. Sikubishii sana. Tairi la nyuma peke yake linakaribia nusu ya kodi yangu, na linaisha. Lakini ukitaka waamuzi wa kweli nenda usimame na vijana wa boda boda pale uani. Hawa hawadanganyiki na rangi ya pikipiki. "Huyo amechelewa kushusha gia," anasema mmoja, na kweli, kona inayofuata huyo jamaa ametoka nje. Siku moja mmoja wao akipewa pikipiki na mtu wa kumlipia ada, kuna watu watarudi kwenye gofu.

Mbio zetu ni mbili, pointi zinajumlishwa. Kwenye geti mambo yako hivi: inanyanyuliwa bango la sekunde 15, halafu la sekunde 5, na baada ya hilo geti linaanguka wakati wowote kati ya sekunde 5 na 10. Wageni wanamtazama mwenye bango. Usimtazame. Kaza macho kwenye chuma kilicho mbele ya gurudumu lako, kwa sababu geti linaangukia upande wako, na ukitangulia hata kidogo gurudumu linalikalia, likwame, wenzako wote waende. Keti mbele kabisa, kifua juu ya usukani, gia ya pili, klachi kwa kidole kimoja au viwili. Baada ya hapo ni kelele tupu na mawe.

Mbio ya kwanza nilitoka vizuri, nikamezwa na vumbi, nikamaliza wa tisa. Mbele yangu tu alikuwa mzee mmoja wa pikipiki ya bluu, kazi yake ni fundi wa mabomba, hema lake liko jirani na letu. Ana mwili mzito na hana haraka, lakini mstari wa ndani kwenye kona haumwachii mtu hata awe mama yake. Nilimfuata mgongoni mizunguko yote nikila changarawe zake. Nikamaliza karatasi zote za miwani, zile za plastiki unazobandua moja moja zikichafuka.

Mbio ya pili ndiyo iliyonimaliza mikono. Wewe hujawahi kuipata hii. Misuli ya vigasha inavimba mpaka damu haipiti vizuri, vidole vinakuwa vya mtu mwingine, unataka kubana breki na hujui kama umebana. Dawa wanayokupa wote ni moja, legeza mikono na ubane pikipiki kwa magoti. Ni rahisi kuisema ukiwa umekaa kwenye kiti.

Katikati ya mbio kijana alianguka nyuma ya tuta kubwa, bendera ya njano ikapeperushwa. Hapo huruhusiwi kupita mtu wala kuruka. Mimi na Fundi Mabomba tukapunguza, tukapanda tuta na kulishuka magurudumu yote chini. Kuna mmoja aliruka akatupita sote wawili hewani, watu wakapiga makofi. Waamuzi hawakupiga. Walimngoja amalize, wakamrudisha nyuma kwenye matokeo. Ningeona vibaya kama wangemwachia, kwa sababu aliyelala upande wa pili angeweza kuwa mimi.

Zikiwa zimebaki dakika chache, ile kona ya kushoto baada ya tuta la meza, lile lenye mgongo bapa, ilikuwa imechimbika upande wa ndani mfereji mrefu, ukiingia humo vikanyagio vinakwaruza kingo. Kila mtu alikuwa akiingia humo kwa sababu ndiyo njia fupi. Fundi Mabomba akaingia. Mimi nikaenda nje kabisa, kwenye ukingo wa udongo uliosukumwa na magurudumu. Njia ndefu, lakini huko huhitaji kusimama. Nikauegemea, sikugusa breki ya mbele, tukatoka bega kwa bega. Na kona inayofuata inakata kulia, kwa hivyo mimi niliyekuwa nje nikawa ndani. Nilimsikia akipiga kelele ndani ya helmeti. Sijui alisema nini, lakini haikuwa dua.

Nikamaliza wa nane, yeye wa tisa. Piga hesabu: wa nane ni pointi 13, wa tisa 12. Mimi 12 na 13, yeye 13 na 12, sote 25. Zikilingana hivyo inaangaliwa mbio ya pili. Alikuja hemani kwetu na chupa ya chai, akakaa juu ya dumu la petroli, akanieleza kwa utaratibu kabisa namna ile kanuni isivyo ya haki. Nilimwambia namwelewa sana. Tukanywa chai.

Wazee wenye kumbukumbu watakusimulia mbio za lami za Langa Langa kule Nakuru. Leo wenye pikipiki kubwa wanakwenda kupimana nguvu Southern Bypass usiku, katikati ya malori. Mimi nimewaambia mara nyingi waje wapimanie kwenye vumbi, ambako angalau gari la wagonjwa limeegeshwa likisubiri. Wanasema vumbi linaharibu rangi.

Basi njoo. Hutaaibika, utakuwa wa mwisho tu, na huko mwisho kuna watu wazuri. Ipakie pikipiki kwenye lori la mizigo, umwage petroli yote kwanza na ufunge usukani kwa kamba pande mbili. Usinunue kitu kipya isipokuwa viatu na kinga ya shingo, hivyo usikope kwa mtu. Utalala hapa, kitanda kipo. Ila beseni la kuoshea filta uje nalo lako, maana la hapa nyumbani lilionekana Jumapili asubuhi lina oili, na mama watoto amesema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua.

Wako,
Namba 74