Utakula na nani huko, mwanangu?

Ujiji, Jumapili usiku

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, ila goti langu la kushoto siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Barua hii anakuletea shangazi yako anayepanda treni kesho, pamoja na mfuko. Mfuko usiufungue kabla hujamaliza kusoma.

Juzi kwenye simu nilikuuliza utakula na nani huko Ufini unakokwenda kusoma, ukacheka, ukasema, "Mama, ndiyo nchi yenye furaha kuliko zote duniani." Simu ikakatika. Sijui ni mtandao au ni wewe. Basi nikaingia chumbani kwako, nikalishusha lile daftari la saikolojia uliloliacha juu ya kabati, na mdogo wako ananitafsiria kila baada ya isha, ukurasa kwa ukurasa. Mwandiko wako mbaya kama wa daktari. Lakini nilijivuna, nisikufiche. Mtoto wa mwanika dagaa kaandika yote haya.

Haya, hiyo Ufini. Kumbe kweli, kwenye hiyo Ripoti ya Furaha Duniani, tangu 2018 haijatoka namba moja. Nikataka kujua wanapimaje. Kumbe mtu anaambiwa: fikiria ngazi, chini kabisa 0, juu kabisa 10, juu ndiko kwenye maisha mazuri kuliko yote unayoweza kuyapata; wewe umesimama wapi? Orodha yote ya nchi imepangwa kwa swali hilo moja! Na wewe mwenyewe umeandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba kuyapima maisha yako na kujisikia vizuri leo ni mambo mawili. Mtu anaweza kuwa juu ya ngazi na amenuna. Mimi hapa nikijiweka ni 5, sizidishi, maana bati linavuja na dagaa giza hili la mwezi wamekuwa wa kubahatisha. Lakini alfajiri pale Kibirizi, mitumbwi ikirudi, tukigombania beseni na wenzangu, nacheka mpaka kanga inafunguka. Hao Wafini wako karibu na 8, nawapongeza, wana hospitali na wanaaminiana. Ngazi hiyo ni yao, wameijenga kwao. Wewe unafika mgeni. Na katikati ya Desemba pale Helsinki jua halitimizi saa 6 kwa siku. Giza lote hilo, na wala si la kuvulia dagaa.

Kwa hiyo nauliza tena: utakula na nani?

Usiseme nakukuzia mambo. Ule ukurasa ulioukunja kona ni wa ripoti hiyohiyo ya furaha, ya 2025, ina sura nzima ya kula pamoja. Wanaokula na wenzao mara kwa mara wanasema maisha yao ni mazuri kuliko wanaokula peke yao. Na Marekani, mwaka 2023, mtu 1 kati ya 4 alisema jana yake milo yote alikula peke yake. Mdogo wako alidhani amekosea kutafsiri, akarudia. Milo yote! Chini yake umeandika kwamba haijathibitika kama ni sinia linaloleta furaha au wenye furaha ndio wanaoalikwa kwenye sinia. Mjadala huo malizaneni wasomi. Mimi nataka jina la mtu.

Najua utakachojibu, utasema umezoea. Aliyeamuru sahani yako ipelekwe chumbani mwaka mzima wa kidato cha nne, ili sinia lisikupotezee muda, anajulikana. Divisheni ya kwanza ilikuja, nyumba nzima ikashangilia. Mdogo wako hapelekewi sahani. Anakula hapa na sisi, matokeo yatakuja yatakavyokuja.

Tulipofika kwa wale wanaume wa Harvard, chuo cha Marekani, nilimwambia asome polepole. Wanafunzi 268, wameanza kufuatiliwa maisha yao 1938, halafu wakaunganishwa na vijana 456 wa mitaa ya kimaskini ya Boston. Wanaume watupu, wake zao wamekuja kuingizwa baadaye sana. Na kwamba kuridhika kwao na watu wao wa karibu wakiwa na miaka 50 kulitabiri afya ya miaka 80 kuliko lehemu kwenye damu. Lehemu yangu walishaisema kliniki, kwa hiyo hapo nilinyamaza kidogo.

Wale waliopata bahati nasibu, utafiti wa 1978, waliokutwa hawana furaha sana kuliko wengine, walikuwa 22 tu. Foleni ya bombani kwetu ni ndefu kuliko hiyo. Ila sikatai kwamba binadamu anazoea. Ile furaha ya bati jipya ilivyoisha upesi unaikumbuka, siirudii. Ndiyo maana sipendi hilo neno lako la "nikishamaliza digrii nitakuwa sawa."

Halafu yale mahitaji matatu ya binadamu ya wanasaikolojia Deci na Ryan ambayo umeyapigia mstari: kujiamulia, kuweza, na kuwa na watu. La kwanza ulilipigania mwenyewe. Kuna mtu alitaka uwe mhasibu, mtu huyo sasa anawaonyesha majirani picha yako ya mahafali hata wasipoomba, basi yaishe. La pili sina shaka nalo, ila jifunze kufua shuka. La tatu ndilo linaloniamsha saa nane usiku. Chuoni Dar miaka mitatu sikuwahi kukusikia ukitaja rafiki zaidi ya "jamaa wa chumbani." Jamaa gani? Ana mama?

Hela ya bati usiitume kabla ya Novemba, fundi amesafiri kwenda Kasulu na sitaki ikae ndani. Mdogo wako anakukumbusha ule utafiti wa 2008, waliopewa dola 5 au 20 asubuhi, na walioambiwa wazitumie kwa ajili ya wengine, jioni wakawa na furaha kuliko waliozitumia kwa ajili yao wenyewe. Kausoma mara mbili, kwa sauti. Anataka viatu.

Mbuzi kazaa mapacha. Mmoja dhaifu, tunamnywesha kwa chupa, analala jikoni na mimi namkanyaga kila usiku.

Sasa fungua mfuko. Dagaa ni mafungu mawili, wa kwenye chanja wote, hawana mchanga hata punje. Lenye kamba nyeusi ni lako. Lenye kamba nyekundu ni la huyo mtu, usiliguse. Mawese nimeyazuia, yangekuharibia koti. Ukifika tu nipigie, hata kama ni usiku, na usianze na baridi. Anza na jina.

Mama yako