Barua ya Wazi kwa Walimu wa Timu za Juvenile, Unguja na Pemba

Assalamu alaykum, walimu wangu.

Nawaandikia nikiwa na uchungu ambao nimeshindwa kuumeza. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimekaa chini ya mwembe, pembeni mwa kiwanja cha mtaani kwetu, vijana wakisajiliwa kwa ajili ya ligi ya Juvenile, ligi ya watoto. Ilipofika zamu ya kijana mmoja aliyevaa jezi namba nane, mwenye kidevu kilichojaa vipele vya wembe wa asubuhi ile ile, karani alimuuliza amezaliwa mwaka gani. Kijana hakujibu, akamgeukia mwalimu wake. Mwalimu akamtamkia mwaka kwa midomo, bila ya sauti, naye akaurudia mbele ya karani kama mtoto wa chuoni anavyofuatisha herufi. Karani akaandika. Watu wazima tulikuwa kama kumi pale, na sote tulinyamaza, nami nikiwamo.

Walimu wangu, ninyi mnakumbuka yaliyotufika mwaka 2017. Tarehe 16 Machi, mjini Addis Ababa, Shirikisho la Soka Afrika lilitupokea sisi Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Watu walikumbatiana barabarani. Tarehe 21 Julai, mjini Rabat, uanachama ule ukafutwa, na rais wa shirikisho, Ahmad Ahmad, akaeleza kwamba tangu mwanzo hatukustahiki kupokewa, kwa sababu nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili vya soka. Tulidumu ndani kwa miezi minne. Tangu siku hiyo hakuna baraza utakalopita Unguja au Pemba usisikie kwamba tumeonewa, na mimi ni mmoja wa wanaosema hivyo, kwa kuwa timu yetu haikuanza jana: ilikuwa ikishindania Kombe la Gossage na Kenya, Uganda na Tanganyika tangu miaka ya 1940, ikaendelea katika Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, na mwaka 1995 ikalichukua kombe hilo huko huko Uganda.

Kisha ikaja Machakos. Sitaki vijana wenu wasimuliwe Machakos kama hadithi ya kushindwa. Tarehe 17 Disemba 2017, ikiwa haijatimia miezi mitano tangu tufungiwe mlango Rabat, vijana chini ya mwalimu Hemed Suleiman, yule tunayemwita Morocco, walisimama kwenye fainali ya Chalenji mbele ya Kenya, nyumbani kwao Kenya, baada ya kuwafunga Rwanda, Tanzania Bara na Uganda. Walitanguliwa, wakasawazisha dakika za mwisho. Wakatanguliwa tena katika muda wa nyongeza, wakasawazisha tena, na mabao yote mawili akayafunga Khamis Musa. Penalti ndizo zilizotunyima, 3 kwa 2, kwa mikono ya kipa Patrick Matasi. Nililia usiku ule, na sikuona haya, kwa sababu niliona kwamba hakuna mkutano wa Rabat unaoweza kuufuta mpira ule.

Na miezi minne baadaye tukajifuta wenyewe. Aprili 2018 timu yetu ya vijana wa chini ya miaka 17 iliondolewa katika mashindano ya Afrika Mashariki na Kati nchini Burundi kwa sababu ya wachezaji waliozidi umri. Safari hii hakuwapo Ahmad Ahmad wa kumlaumu. Pale CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, ndipo mahali ambapo kiti chetu hakijawahi kuwa na ubishi, na ndipo tulipokwenda kukichafua. Mkuki kwa nguruwe mtamu: tunapoonewa sisi tunaita dhulma, tunapowadhulumu watoto wa wenzetu tunaita ujanja wa mpira.

Msiniambie kwamba kila nchi inafanya. Wakubwa wa soka siku hizi hupiga picha ya mfupa wa kifundo cha mkono, mahali ambapo mfupa wa kijana huwa bado haujaungana. Ukishaungana, hakuna cheti kinachoweza kuutenganisha. Lakini hata kama kipimo hicho kisingekuwapo, mimi ningewaandikia vile vile, kwa sababu anayeumia zaidi ni mtoto. Huyo namba nane akiwa na miaka kumi na tisa akicheza na wa kumi na nne, atashinda kwa kifua na mbio, hatajifunza kupokea mpira wala kuutoa, na siku atakayofika timu ya wakubwa kifua chake kitakuwa sawa na cha wenzake, asibaki na kitu. Siku ile ile pale kiwanjani nilimwona mwengine, mdogo, soksi amezivuta hadi magotini, akiuchezea mpira kwa mguu wa kushoto nyuma ya goli. Jina lake halikuitwa. Aliondoka kabla ya alasiri, viatu amevifunga pamoja na kuvitundika shingoni, na sijamwona tena.

Sikulaumuni peke yenu. Mzazi anayekubali mwanawe awe na tarehe mbili za kuzaliwa ni mshirika. Kiongozi anayetoa jezi na kudai kombe kabla ya msimu kwisha ni mshirika. Na sisi wazee tunaopiga makofi goli likifungwa na mtu mwenye ndevu katika ligi ya watoto, tusijitakase.

Mengine ninayowaomba ni mafupi. Msiwatoe watoto skuli kwa ajili ya mazoezi. Mtoto aliyeumia asichezeshwe kwa sindano. Vijana wa Pemba waangaliwe kwa jicho lile lile la wa Unguja. Mmesahau kwamba Januari 2025 Kombe la Mapinduzi tulilichukua Gombani, huko huko Pemba, kwa kuifunga Burkina Faso? Msitukane waamuzi mbele ya watoto.

Sasa nasema na yule mwalimu wa namba nane, ambaye simtaji na sitamtaja. Mwanangu, najua unampenda kijana wako na unatamani afike mbali. Msajili upya katika ligi ya Central, ya vijana wakubwa kuliko wa Juvenile, kwa mwaka wake wa kweli, kabla ligi haijaanza. Ukiona vigumu kwenda kwa karani peke yako, nipitie nyumbani baada ya sala ya alasiri, twende pamoja. Na yule mdogo wa mguu wa kushoto, ukilijua jina lake, niletee. Viatu vyake vilikuwa vimeachia soli.

Ni mimi, mzee wenu wa chini ya mwembe.