Kichanga akitikisika mkono mmoja apigwe picha ya ubongo

Mhariri, naomba nafasi kidogo, hili jambo nimekaa nalo miaka minne.

Mwanangu alizaliwa vizuri tu, akalia, akanyonya. Siku ya pili usiku naona mkono wa kulia unarukaruka, huo tu, nikaushika na bado unaruka ndani ya kiganja changu. Nesi akasema degedege, akachomwa dawa ikatulia, altrasaundi ya utosini wakasema safi, tukarudi nyumbani. Neno kiharusi halikutajwa na mimi ningejuaje, si tunajua ni ugonjwa wa wazee?

Miezi mitano anadaka kijiko kwa kushoto tu, wa kulia kakunja ngumi, dole gumba kalificha ndani. Bibi yake kila saa anamhamishia kijiko, msimwache awe mashoto jamani. Kumbe mtoto chini ya mwaka hachagui mkono, akichagua ujue ule mwingine una shida! MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, tumekuja kupiga ana mwaka na nusu, kovu la kiharusi liko upande wa kushoto wa ubongo, maana kushoto ndo kunaendesha kulia.

Sasa kinachoniuma ni kwamba kuna MRI ya aina inayofuata maji yanavyotembea ndani ya ubongo, ikipigwa zile siku za kwanza haionyeshi kiharusi tu, inaonyesha hadi ile njia ya neva inayoshuka kwenda uti wa mgongo kama nayo imeguswa. Madaktari wa Toronto kule Kanada walionyesha mwaka 2007 kwamba njia hiyo ikiwaka kwenye picha, mtoto yuko kwenye hatari kubwa ya kupooza upande mmoja. Baada ya kama wiki mng'ao unafifia. Na kichanga mara nyingi hata dawa ya usingizi hahitaji, ananyonyeshwa akishiba anafungwa vizuri na shuka analala humohumo kwenye mashine.

Najua MRI ni ghali na hospitali nyingi hazina. Ila pale ilipo, kichanga aliyetikisika upande mmoja kwa nini arudishwe nyumbani bila kupigwa picha? Na pasipo na mashine basi mama aandikiwe kwenye kadi ya kliniki: angalia mikono yote miwili, mlete akiwa na miezi mitatu aangaliwe anavyojirusha, mazoezi yaanze hapohapo. Wangu alianza kuchelewa, leo kila jioni namvisha soksi mkono wa kushoto, ule usio na shida, anaokota maharage kwa ule wa kulia, moja moja, jasho linamtoka.

Mama wa mtoto wa miaka 4, Dar es Salaam